Siku Niliyomuua Staringi Malampaka

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Msicheke. Mwalimu anastaafu akizeeka yeye; mtafsiri wa muvi anastaafu ikizeeka kazi. Siku hizi Bariadi mtu anaangalia sinema kwenye simu huku anasubiri zamu yake mashine ya kusaga, na maneno ya Kiswahili yameandikwa hapo chini, hahitaji mtu wa kumpigia kelele. Nyie wawili mliobaki na kibanda chetu karibu na stendi, mnaoonyesha mpira, na muvi pale tu mpira unapokosekana, mmeniomba niwaandikie tulivyofanya kazi. Haya. Ila mnivumilie, mimi kukaa kitako sikujaliwa. Ukurasa huu mmoja nimeshausimamia dirishani, nimeutoka kwenda kuangalia kuku, na nimerudi.

Nilitoka kijijini baada ya kidato cha pili kunishinda na jembe kunichosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilifika Bariadi asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshazunguka mji wote mara mbili. Mara ya tatu nikasimama mbele ya kibanda umiza, banda la kuonyesha muvi kwa kiingilio. Mwanaume mmoja mwembamba, kofia imegeuzwa kisogoni, alikuwa anaandika ubaoni kwa chaki. Huyo ndiye kaka Luhende, mwenye kibanda na mtafsiri wake.

"Unajua kusoma?" akaniuliza bila kugeuka.

"Najua."

"Soma hapo."

"Blo-ki-ba-sta."

"Kuna neno la pili, malizia."

"Blokibasta leo."

"Basi wewe ni msomi kuliko wateja wangu wote. Ingia, shika ufagio."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nimesikia siku hizi mtu anaulizwa anajiona wapi miaka mitano ijayo. Mimi niliulizwa kama nina mafua, kwa sababu ndani kulikuwa na vumbi.

Lile neno alikuwa analiandika kila siku, muvi iwe kali iwe ya kulazia watoto. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Ni muvi ambayo watu wakitoka hawaagani, wanasimuliana." Nikaona jibu ni zuri, lakini sikutulia, nikaanza kuuliza wateja. Mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini akaniambia hapana, kijana, hilo ni bomu, bomu kubwa la vita vya Wazungu, moja linalaza nyumba za mtaa mzima. Dada wa duka la dawa akasema yeye kwenye semina alisikia ni dawa inayouzika dunia nzima mpaka kiwanda kinajenga kiwanda kingine. Kijana aliyekuwa Dar akasema kule ng'ambo zamani lilikuwa jina la maduka ya kukodisha mikanda ya video. Mwisho nikamuuliza Mama Minza, aliyekuwa anauza wali na maharage nje ya kibanda chetu.

"Kwangu mimi," akasema, "ni siku sufuria inaisha kabla ya saa saba, halafu watu wanagombania ukoko."

Nikawaamini wote. Mpaka leo nawaamini wote. Ila wa ukoko ndiye niliyemwelewa upesi.

Vifaa vyetu. Deki moja iliyokuwa inataka kupigwa kofi ubavuni, kofi la wastani, ukizidisha inatema CD. CD ikikwaruzika tuliipaka dawa ya meno nyeupe, siyo ile ya mistari, tunaisugua kwa kitambaa cha fulana kutoka katikati kwenda nje. Mablanketi madirishani ili mchana uwe giza. Maiki tuliivisha sponji ya godoro kuzuia mate. Spika mbili, moja ndani kwa waliolipa, moja nje kwa watakaolipa. Mabenchi hayakuwa na migongo, na Luhende alisema ni makusudi: mtu mwenye pa kuegemea analala.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Muvi ikifika, unaiangalia mara mbili kabla ya wateja. Mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili unazima sauti kabisa, unaangalia mabega. "Maneno ya Kizungu mimi na wewe hatuyajui," Luhende alikuwa anasema, "lakini mabega yanazungumza Kisukuma." Mtu anayedanganya mabega yake yanatangulia. Mtu anayeaga mabega yake yanabaki. Halafu unawapa majina. Huwezi kumwambia mtu wa Bariadi kwamba jambazi anaitwa sijui nani huko, anapotea. Staringi, yaani shujaa wa muvi, tulimwita Kulwa, rafiki yake Doto, mwanamke Kabula, na mkubwa wa majambazi tulimpa jina la mtu yeyote aliyetukorofisha wiki hiyo. Usiseme "anasema kwamba". Sema tu. Usinywe soda kabla ya kazi. Na usikae. Mtafsiri akikaa, benchi la nyuma linalala, halafu la mbele linafuata. Niliposikia hiyo ya kutokukaa nikajua nimefika nyumbani, maana shuleni ndiyo iliyonigombanisha na kila mwalimu.

Baada ya miezi kadhaa Luhende alinipa maiki moja kwa moja, koo lake likiwa limeshaanza kumsumbua. Akaniachia na sheria moja ya kibanda: staringi hafi.

Hii mnaijua, lakini labda hamjui jinsi tulivyoitunza. Akipigwa risasi, imempata begani, hata kama nyie wote mmeona ni kifuani. Akianguka gorofani, kuna gari la magodoro lilikuwa linapita. Na zile muvi za watu wasio na huruma, ambazo staringi anakufa kabisa na kufunikwa shuka, Luhende alikuwa anaisimamisha deki dakika tano kabla ya mwisho, anaipiga kofi mbele ya watu, anasema, "Jamani, imegoma." Watu wanatoka wanalalamikia deki. Hakuna aliyewahi kumlalamikia staringi.

Sasa nije kwenye muvi ya shimo, kwa sababu ndiyo hasa inayonisimamisha dirishani.

Mume wa Mama Minza aliitwa Jilala. Alikuwa ameenda machimbo ya dhahabu, kama wengi wanavyokwenda pamba ikikataa. Siku moja wenzake wawili wakaja Bariadi wamebeba begi lake. Shimo lilikuwa limefunga, Jilala akiwa chini, na halikuchimbika tena, maana kila walipochimba liliendelea kushuka. Mama Minza akapokea begi, akawapakulia wali, akawashukuru. Ndugu wa mume kijijini kwao Migato wakataka msiba ufanyike na umalizike, watu waomboleze walale. Yeye akakataa. "Mmemwona?" akawauliza. Hawakumwona. "Basi mimi nangoja." Kila siku asubuhi akaendelea kuwasha moto wake nje ya kibanda, amefunga aproni ile ile ya bluu.

Wiki mbili baadaye Luhende akaleta muvi mpya kutoka Mwanza. Tuliiangalia mara mbili. Kulwa ni mwokoaji. Machimbo yameanguka, wafanyakazi wako ndani, yeye anaingia na kamba, anawatoa mmoja mmoja. Wa mwisho akishatoka, mwamba unashuka. Inaonekana vumbi. Halafu inaonyesha mkewe Kabula anafungua mlango wa nyumba, anasimama kibarazani, anaangalia barabara. Basi. Yanaanza kupanda majina.

"Hii deki haitagoma," Luhende akasema kwa ile sauti yake iliyobaki ya kukwaruza. "Hii ni blokibasta ya kweli. Kila nyumba hapa ina mtu machimboni. Wewe ukifika kwenye vumbi nyamaza, waache wenyewe."

Nilikuwa nimekubali kunyamaza. Kibanda kilijaa mpaka mablanketi yanasukumwa nje na migongo. Nilitafsiri nikitembea kutoka ukuta hadi ukuta kama ng'ombe aliyefungiwa zizi asilolijua. Tulipofika kwenye vumbi nikageuka, nikamwona Mama Minza amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alikuwa hajawahi kuingia kibandani hata siku moja. Macho yake yalikuwa kwenye kile kibaraza.

Mimi moyo wangu ni mlaini, sijui kuuzuia. Nikasema kwenye maiki, "Kabula anamwona Kulwa! Huyooo, anakuja kule, kachafuka vumbi mwili mzima, ila yuko hai!"

"Mbona hatumwoni?" mtu akauliza.

"Kamera imechelewa!"

Kibanda kikalipuka. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Luhende alinitazama, akaenda kupokea viingilio, maana nje foleni ya onyesho la pili ilikuwa imeshafika kwa fundi baiskeli.

Tuliionyesha wiki nzima. Na kila onyesho, zikibaki dakika chache, Mama Minza aliacha sufuria zake motoni, akaja kusimama mlangoni, akasikiliza Kulwa anarudi, akaondoka. Siku ya nne maharage yakaungua. Wateja wakaguna, yeye akacheka. Jioni niliona anapakua sahani moja ya ziada, anaifunika na sahani nyingine, anaiweka pembeni.

Wiki iliyofuata alikuja mwanaume mmoja mrefu, viatu vya matairi, fimbo begani. Akasimama mbele yangu.

"Mwadila," akanisalimu. Nikaitikia. "Wewe ndiye Sayi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Limbu, mdogo wake Jilala. Nasikia hapa unafufua watu."

Akaendelea, pole pole, kama mtu anayehesabu ng'ombe. "Shemeji yangu ana akili zake timamu. Anajua muvi ni muvi. Lakini tukimwambia msiba uishe, anatujibu hata yule aliyefukiwa alitoka, Sayi mwenyewe kasema. Anasema kwa utani, halafu hafanyi jambo lingine zaidi ya hilo la utani. Mtoto ameambiwa baba yupo njiani. Mama yetu mzee hawezi kulia wala kunyamaza. Sasa nakuuliza. Kwenye hiyo muvi, yule mtu alitoka?"

"Hakutoka," nikasema.

"Basi mwambie."

Nilikwenda kwa Mama Minza siku hiyo hiyo. Nikaagiza wali. Nikaula wote. Nikasema, "Mama Minza, ile muvi..."

"Nzuri sana ile, mdogo wangu. Utairudia lini?"

"Ijumaa, mnadani Malampaka."

"Na mimi naja na sufuria zangu." Akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Nikashindwa. Nikajua kwamba mimi ukininyang'anya maiki sina mdomo.

Sasa mnada wa Malampaka mnaujua, ila siku zile ulikuwa na mambo. Kulikuwa na jamaa mwingine wa kule kule aliyekuwa na projekta kubwa kuliko ile tuliyokuwa tunakodi kwa ajili ya minada, na yeye aliipata muvi ile ile. Tukapangwa turubai zinatazamana, kama Bagika na Bagalu kwenye ngoma. Mmekulia huku, mnajua ngoma yetu haina jaji. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wanaamua kwa miguu: wakihama kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, hata kama umecheza na fisi. Watu wa mnada wakasema na nyie hivyo hivyo. Atakayebaki na watu ndiye atakayekaa uwanja huo msimu wote.

Nilimwambia Luhende nitakachofanya. Alikuwa anafunga nyaya.

"Ukimuua staringi hapa," akanong'ona, maana kunong'ona ndiko kulikobaki, "watu wote wanahamia kwa yule. Msimu mzima, Sayi."

"Najua, kaka."

"Mimi koo limekwisha. Uwanja huu ndio niliokuwa nautegemea."

"Najua."

Akafunga waya, akaufungua, akaufunga tena. "Ningekuwa mimi ningeipiga deki kofi," akasema. "Lakini hii ni projekta, ukiipiga inakufa kweli." Akaenda kukaa kwenye genereta, amenipa mgongo. Nikaichukua hiyo kama ruhusa.

Turubai yetu ilijaa kwanza, kwa sababu habari za Bariadi zilikuwa zimetangulia. Nilifanya kazi siku hiyo kuliko siku yoyote. Nilimfanya Kulwa aimbe kwenye kamba. Nilimpa Doto utani wa kwao Ipililo mpaka watu wa Ipililo waliokuwepo wakasimama kupiga makofi. Hata kutoka kwa jamaa watu walianza kuvuka kuja kwetu. Mwamba ukashuka. Vumbi. Na pale penye upenyo wa turubai nikaiona aproni ya bluu.

Kabula akafungua mlango, akasimama kibarazani.

Nikasimama mimi pia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mguu wangu kutulia kazini. Nikasema, "Kabula anaangalia barabara. Barabarani hakuna mtu. Ndugu zangu, Kulwa hakutoka. Amekufa kule chini. Amewatoa wenzake wote, yeye amebaki."

Watu wakageukiana. Halafu:

"We mtafsiri, umelewa?"

"Bariadi alitoka! Shemeji yangu aliona!"

"Rudisha nyuma, urudie vizuri!"

"Staringi anakufaje, kwani ni kuku?"

Kutoka ng'ambo spika ya jamaa ikadaka, "Jamani, huku kwetu staringi mzima kabisa! Njooni mumwone!" Na mimi nikaangalia ngoma yangu ikihama. Walitoka kwa mabenchi, benchi la nyuma kwanza, wengine wakiniangalia kwa huruma kama mtu aliyeugua ghafla. Walibaki mzee mmoja aliyelala, mama mwenye mtoto anayenyonya, na Mama Minza, ambaye alitembea katikati ya mabenchi matupu mpaka mbele yangu. Majina yalikuwa yanapanda kwenye shuka tuliyoitundika kama skrini, nyuma ya mgongo wangu.

"Sayi."

"Naam, mayu."

"Bariadi ulisema anakuja."

"Nilisema."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Hata kamera haikumwona. Nilisema tu."

"Kwa sababu yangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Maiki ilikuwa bado inawaka, nikaizima.

"Umenichelewesha, mdogo wangu," akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana bado naisikia. Akaangalia shuka. "Wanamzika wapi?"

"Muvi haionyeshi. Ikifika hapo inaisha, yanabaki majina."

"Majina ya nani?"

"Ya watu waliofanya kazi."

Akakaa kwenye benchi la kwanza, akayaangalia mpaka la mwisho, majina ya watu wasiojulikana, marefu, katika lugha ambayo mimi na yeye hatuisomi. Shuka ilipobaki nyeupe akasema, "Jilala naye alifanya kazi." Akasimama, akarudi kwenye sufuria zake, kwa sababu watu wa ng'ambo walikuwa wanatoka na njaa.

Uwanja tuliupoteza. Luhende alirudi Bariadi akafungua duka la kuweka nyimbo na muvi kwenye flashi, akasema afadhali, flashi haihitaji koo. Mimi niliendelea na kibanda mpaka mwaka huu. Na msije mkadhani kwamba baada ya siku ile nilikuwa mtu wa kweli tupu. Risasi ngapi nimezihamishia begani tangu wakati huo, sijui. Nikiona watu wamechoka na msimu, namrudisha staringi, na usingizi naupata. Ila nimejifunza kumwangalia aliyesimama mlangoni kabla sijafungua mdomo. Kuna mtu anakuja kustarehe, mdanganye kwa raha zake. Kuna mtu amekuja kuuliza swali, na huyo hata asipolipa kiingilio ndiye mteja wako mkubwa. Tofauti yao sina namna ya kuwafundisha. Angalieni mabega.

Mama Minza hakusema na mimi siku nyingi. Alikuwa ananipakulia kama anavyompakulia mtu yeyote, bila mchuzi wa kuongeza. Halafu asubuhi moja akanitumia mtu: msiba wa Jilala ni Migato, Jumamosi.

Nilifika mapema nikiwa sijui nisimame wapi. Wanawake walikuwa ndani wanalia, kilio ambacho unasikia kabisa kwamba kilizuiliwa muda mrefu, na sauti ya bibi mzee ilikuwa juu ya zote. Familia ilikuwa imekubaliana kuzika zile nguo za kwenye begi. Nyuma ya nyumba, karibu na shamba la pamba, wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi. Nikazunguka nyumba mara ya kwanza, nikazunguka mara ya pili. Limbu akaniona. Alikuwa ndani ya shimo mpaka magotini, jasho linamtiririka.

Mjomba wake mmoja akauliza, "Huyu kijana anayezunguka ni nani?"

"Ndiye aliyemuua staringi Malampaka," Limbu akasema.

Wote wakaacha kuchimba, wakaniangalia. Yule mjomba akanipima kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya mjini, akatoka shimoni, akapangusa mpini kwa kiganja.

"Basi njoo," akasema, akaninyooshea jembe. "Ukubwa wake tumeuacha kama wa mtu mzima."